Metroid Prime, Echoes au Corruption: ukiwa na nafasi ya mmoja tu, uwe upi?

Wengi wanaoniuliza habari za Metroid Prime huwa wameshaamua kucheza. Kinachowakwamisha ni kwamba michezo ya mwanzo ya mfululizo huu mkuu ni mitatu: yote ni ya Samus Aran, mwindaji wa anga, yote unaitazama kupitia kioo cha helmeti yake, na yote imetengenezwa na studio moja, Retro Studios ya Austin, Texas, kwa ajili ya Nintendo. Wa kwanza, Metroid Prime, ulitoka Novemba 2002 kwenye GameCube. Wa pili, Metroid Prime 2: Echoes, ulifuata Novemba 2004 kwenye konsoli hiyohiyo. Wa tatu, Metroid Prime 3: Corruption, ulitoka Agosti 2007 kwenye Wii. Ukipitisha macho kwenye picha zao unaweza kudhani ni mchezo mmoja uliokatwa vipande vitatu.

Sivyo hata kidogo. Nimeicheza yote zaidi ya mara moja na naipenda yote, lakini kuna mchezo ambao mtu fulani nikimpa najua atanishukuru, na mwingine nikimpa uleule ataurudisha baada ya saa mbili.

Kwa maoni yangu, kinachoitenganisha zaidi ni namna inavyokupoteza. Usiingie ukitarajia gemu la kufyatua risasi kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa unatua kwenye sayari usiyoijua, unakuta mlango usiofunguka, unauweka akilini, unajaribu njia nyingine, unaokota kifaa, halafu ghafla inakujia: kumbe ule mlango! Muda mwingi unakuwa hujui uende wapi, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Kila mmoja kati ya hii mitatu una namna yake ya kukupoteza, na kila mmoja unakutoza bei yake kwa kupotea huko. Ukijua unaweza kuvumilia kiasi gani, nusu ya jibu unayo tayari.

Vigezo nilivyotumia

Nimeipima kwa mambo matano yaleyale: ulimwengu wake na jinsi unavyopotea ndani yake, vitufe na mapigano, ugumu, hadithi na namna inavyosimuliwa, na mashine utakayohitaji. La kwanza nimelipa uzito mkubwa, kwa sababu nilizozitaja. Muziki nimeuacha nje. Kenji Yamamoto ana mkono wake katika muziki wa yote mitatu, na kila mmoja una nyimbo zinazobaki kichwani siku nzima.

Ulimwengu, na kupotea ndani yake

*Metroid Prime.* Unaanza ndani ya Orpheon, chombo cha maharamia wa anga kilicho kwenye mzingo wa sayari Tallon IV. Unakitoka mbio kikikaribia kulipuka, na katika purukushani hiyo vazi lako linapata hitilafu na karibu vifaa vyote vinapotea. Kisha unatua, na mvua inanyesha.

Simama hapo kidogo, usiende popote. Inua macho juu: matone yanagonga kioo cha helmeti na kutiririka. Baadaye utapita kwenye mvuke na kioo kitaingia ukungu, kisha kitajisafisha taratibu. Utafyatua risasi karibu na ukuta, na katika ule mwanga wa ghafla utaona sura ya Samus mwenyewe ikikutazama kutoka ndani ya kioo, kisha itatoweka. Ukipata kioo cha eksirei, jitazame mkono wa silaha: mifupa ya vidole inaonekana ndani ya mzinga, na vidole hukaa tofauti kila unapobadili aina ya mwale wa silaha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokusaidia kushinda. Vinakufanya uamini kwamba umo ndani ya vazi lile, peke yako, mbali na kila mtu.

Sayari yenyewe ni moja, na sehemu zake zimeunganishwa kwa lifti. Chozo Ruins ni magofu ya kabila la kale lenye umbo la ndege. Magmoor Caverns ni mapango ya lava, na ndiyo njia panda ya kwenda karibu kila mahali. Phazon Mines ni migodi ambamo maharamia wanachimba Phazon, sumu iliyoletwa na kimondo. Halafu kuna Phendrana Drifts. Unapofika huko mara ya kwanza unatokea kwenye joto la Magmoor. Lifti inapanda, mlango unafunguka, na mbele yako theluji inadondoka kimya juu ya bonde huku muziki ukipoa ghafla. Mara ya kwanza niliweka pedi chini nikatazama tu.

Kupotea Tallon IV ni kwa bei nafuu. Ukirudi nyuma, maadui wa njiani kwa kawaida ni wepesi kwako kwa sababu silaha zako zimekua. Ukizunguka muda mrefu bila kupiga hatua, mchezo wenyewe hukuwekea alama kwenye ramani kuonyesha chumba cha kwenda, na msaada huo unaweza kuuzima ukiona unakuharibia raha. Kasoro iko kwenye kurudiarudia. Magmoor utaipita mara nyingi hadi uijue kama njia ya kwenda chooni usiku. Na mwishoni unadaiwa vifaa 12 vya Chozo vilivyotawanywa sayari nzima. Ushauri wangu ni huu: anza kuvikusanya mapema, mara tu unapopata dokezo lake kwenye Artifact Temple, usisubiri mchezo uishe ndipo uanze kuhangaika.

*Echoes.* Hapa sayari ni Aether. Kimondo kiliipiga na kuigawa katika ulimwengu mbili: mmoja wa nuru, wanakoishi Luminoth, na mwingine wa giza, wanakoishi viumbe waitwao Ing. Karibu kila mahali pana pacha wake upande wa pili, kwa hiyo unatembea na ramani mbili kichwani. Mlango uliofungwa huku huenda ufunguo wake uko kule, na jambo ulilolifanya upande wa giza linaweza kukufungulia njia upande wa nuru.

Halafu kuna hewa. Upande wa giza, hewa yenyewe inakula uhai wako. Namba inashuka moja moja, na sauti ya vazi likiungua haikuachi. Usalama ni kwenye viputo vya nuru vinavyotolewa na fuwele, hapa kimoja, pale kingine. Ukiingia ndani ya kiputo uhai unaanza kurudi polepole. Kwa hiyo mwendo wako wote unabadilika: unasimama kwenye nuru, unakitafuta kiputo kinachofuata kwa macho, unahesabu maadui walio katikati, unavuta pumzi, unakimbia. Baada ya muda nilijikuta sitazami tena maadui kwanza. Natazama nuru iko wapi.

Kupotea Aether, basi, kuna gharama, hasa katika nusu ya kwanza kabla hujapata vazi linalopunguza makali ya hewa ile. Kuna watakaoona huku ni kuteswa, nami sitawalaumu. Lakini kwa anayependa kila hatua iwe na uzito, hakuna kati ya mitatu unaoukaribia huu. Sanctuary Fortress, ngome ya mashine ya Luminoth, naihesabu kuwa sehemu nzuri kuliko zote katika mfululizo huu, pamoja na Phendrana: taa za buluu, mashine zilizoingiliwa na Ing, na vyumba vinavyokutaka ujikunje kuwa mpira, uwezo mmojawapo wa Samus, ugande ukutani na kuzunguka kabla hujaelewa unaelekea wapi. Mwishoni unatafuta funguo 9 za Sky Temple, zilizofichwa upande wa giza, na msako huo unachosha kuliko ule wa Prime. Usicheze sehemu hiyo ukiwa na usingizi.

*Corruption.* Huku huna sayari moja. Una meli, na unaruka kutoka sayari hadi sayari: Bryyo, sayari ya watu wa umbo la mjusi waliogawanyika kati ya sayansi na imani za kale, Elysia, ambako mji wa SkyTown unaelea juu ya mawingu na unatunzwa na roboti zilizotengenezwa na Chozo, na makao ya maharamia wenyewe, ambako mvua ya asidi inanyesha na huwezi kutoka nje hadi upate kinga. Karibu kila wakati kuna mtu au mashine anayekuambia uende wapi. Hupotei sana, na ukipotea ni kwa dakika chache.

Kwa wengine huo ni ukombozi. Unaweza kucheza saa moja jioni, ukafika mahali, ukazima. Mimi nilikosa ile hali ya kuijua sayari moja kwa miguu, kwa kuwa kila eneo ni chumba cha peke yake ambacho meli inakushusha na kukupandisha. Ila SkyTown imenifidia mengi: kuteleza kwenye reli za juu huku mawingu yakipita chini ya miguu, muziki ukiimba kama kwaya ya mbali. Na usikose mabaki ya meli ya Valhalla. Hakuna sauti mle ila hatua zako, na ni mahali pekee katika Corruption ambapo nilijihisi mpweke kama nilivyokuwa Tallon IV.

Vitufe na mapigano

Katika Prime ya 2002, stiki moja inakutembeza na kukugeuza. Ukitaka kutazama juu au chini, unasimama na kushikilia kitufe. Ukitaka kumpiga adui, unashikilia kitufe kingine, shabaha inamng'ang'ania, nawe unamzunguka na kuruka pembeni. Mtu aliyezoea stiki mbili ataona kama amefungwa mkono mmoja kwa saa ya kwanza. Baada ya hapo anaelewa kwamba mchezo haumtaki awe mlenga shabaha hodari. Unamtaka asome adui ana udhaifu gani, achague mwale unaofaa, asimame mahali sahihi. Toleo jipya la konsoli ya Switch, Metroid Prime Remastered, lina mpangilio wa stiki mbili na linakuachia ule wa zamani pia, kwa hiyo malalamiko haya hayana nguvu tena kwa mchezo wa kwanza.

Echoes kwenye GameCube inatumia mpangilio huohuo, ila imeongeza jambo moja lililogawa wapenzi wake: mwale wa nuru na mwale wa giza vina risasi za kuhesabu. Ukimuua adui kwa mwale wa giza, anaelekea kukuachia risasi za nuru, na kinyume chake. Anayeelewa mzunguko huu mapema haishiwi kamwe. Asiyeelewa anatumia mwale wa kawaida mchezo mzima akilalamika kwamba maadui ni wagumu. Kuna pia mapambano ya watu hadi 4 kwenye skrini moja, burudani ya nusu saa na marafiki, si sababu ya kuununua.

Corruption ndio unaotembea vizuri zaidi mkononi, na hapa sina kigugumizi. Unaelekeza rimoti ya Wii kwenye skrini na silaha inafuata. Unarusha kamba ya nishati kwa kutikisa mkono wa kushoto na kumvua adui ngao yake. Kuna milango ambayo unashika mpini, unavuta, unazungusha, unasukuma, kwa mkono wako mwenyewe, na mkono wa Samus unafanya hivyohivyo. Halafu kuna Hypermode: unatoa tanki zima la uhai, unaligeuza kuwa Phazon, na kwa sekunde chache unakuwa na nguvu za kutisha. Ukichelewa kuitoa, Phazon inakula mwili wako na unakufa. Katika pambano zito unajikuta unajadiliana na nafsi yako kama utoe tanki moja zaidi au la, na huo ni uamuzi mzuri sana kumpa mchezaji.

Ugumu

Prime ina ugumu wa wastani. Mahali panapoumiza ni Phazon Mines, ambako vituo vya kusevu viko mbali na njia imejaa maharamia. Ukifa baada ya nusu saa ya safari, unairudia yote. Toleo la Switch lina kiwango cha Casual kinachopunguza makali hayo.

Corruption ni rahisi kuliko wenzake ukichagua kiwango cha Normal, kwa sababu Hypermode inamaliza mabosi haraka. Anayejua michezo ya aina hii aanze na Veteran moja kwa moja.

Echoes ni mgumu, tena mgumu kwelikweli. Mwanzoni mwa hadithi Ing wanakuibia vifaa vyako, na kila kifaa unakirudisha kwa kupigana na mwizi aliyekichukua, akikitumia dhidi yako. Wazo ni zuri sana. Lakini mmoja wao, Boost Guardian wa upande wa giza wa eneo la Torvus, unapigana naye katika chumba kisicho hata na kiputo kimoja cha nuru: hewa inakula uhai wako tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, naye anazunguka kama mpira uliopigwa na wazimu. Njia iliyonisaidia ni kuacha kumfukuza. Mwache agonge nguzo zivunjike, okota uhai unaodondoka, na akigeuka tope jikunje uwe mpira umtegee mabomu. Anayefuata mwenye sifa mbaya ni Spider Guardian, ambaye unapambana naye ukiwa mpira tangu mwanzo hadi mwisho. Toleo la Echoes lililomo kwenye Trilogy ya Wii, diski yenye michezo yote mitatu, lililainishwa kwa baadhi ya mabosi hawa. Kama umesikia sifa zao na umeogopa, cheza toleo hilo.

Kwa upande wa furaha, Echoes pia una Quadraxis, mashine ya miguu minne yenye ukubwa wa jengo. Unaanza kwa kupiga magoti yake, unaendelea kwa kutafuta mawimbi ya sauti kwa kioo maalumu, unamalizia ukipanda juu yake ukiwa mpira. Nikiambiwa nichague pambano moja tu la kumwonyesha mtu kwa nini napenda mfululizo huu, ni hilo.

Hadithi

Prime haikusimulii. Inakuachia maandishi ukutani na kwenye kompyuta za maharamia, na ni juu yako kuyaskani. Usipoyaskani utamaliza mchezo ukijua kidogo sana. Ukiyaskani, utasoma jinsi Chozo walivyokuja Tallon IV kutafuta amani na jinsi Phazon ilivyowageuza. Utasoma pia ripoti ya maharamia waliojaribu kuiga uwezo wa Samus wa kujikunja kuwa mpira: waliofanyiwa majaribio walitoka wamevunjika na kupindika, na mradi ukafungwa. Ni mistari michache tu, kwa lugha ya kiofisi, na inakuonyesha maharamia wanavyomwogopa huyu mwanamke mmoja kuliko filamu ya nusu saa ingeweza kufanya.

Echoes ina mtu wa kuzungumza naye, U-Mos, mlinzi pekee wa Luminoth aliye macho huku watu wake wamelazwa usingizi mrefu wakisubiri vita viishe. Unatumwa Aether kuwatafuta wanajeshi wa Shirikisho la Galaksi waliopotea, unawakuta wamekufa, na kutoka hapo unabeba mzigo wa kabila zima. Pia kuna Dark Samus, mwenye umbo kama lako, ambaye sitasema zaidi juu yake.

Corruption inasimulia kwa sauti na kwa matukio ya kutazama. Kuna wanajeshi, makamanda, kompyuta hai ziitwazo Aurora Unit, na wawindaji wenzake watatu wa Samus: Rundas, Ghor na Gandrayda. Mwanzo wake umejaa watu na vita, na mtu anayetoka Prime anaweza kushtuka. Mpe nafasi hadi utakapobaki peke yako. Kinachowapata wale watatu kina uzito wake, na kinauma zaidi kwa sababu ulipigana bega kwa bega nao mwanzoni.

Mashine na matoleo

Hapa ndipo maamuzi mengi huishia, hata kama moyo unataka vingine.

Metroid Prime ndio rahisi kuupata. Metroid Prime Remastered ulitoka kwenye Switch Februari 2023, picha zimechorwa upya na vitufe vimeongezwa. Sioni sababu ya mchezaji mpya kutafuta diski ya 2002 kama ana Switch, labda awe mpenzi wa vitu vya kale.

Echoes na Corruption zinahitaji mashine za zamani. Diski ya Echoes ya GameCube inachezwa kwenye GameCube, au kwenye Wii za mwanzo zenye matundu ya pedi na kadi za GameCube. Kagua hayo matundu kabla hujalipa, kwa sababu Wii zilizotoka baadaye hazina. Wii U haisomi diski za GameCube. Diski ya Corruption inachezwa kwenye Wii yoyote, na kwenye Wii U pia.

Njia ya tatu ni Metroid Prime Trilogy ya Wii, iliyotoka 2009: michezo yote mitatu kwenye diski moja, na miwili ya mwanzo imepewa ulengaji wa rimoti. Haitengenezwi tena na nakala zake ni adimu. Mwaka 2015 iliuzwa pia kwa kupakuliwa kwenye Wii U, lakini duka la mtandaoni la konsoli hiyo liliacha kuuza Machi 2023, kwa hiyo njia hiyo ni kwa aliyekwisha kuinunua tu. Ukiipata Trilogy kwa bei unayoimudu, ichukue, kisha urudi kwenye swali letu la kwanza, uanze na upi.

Kila mmoja unamfaa nani

Prime unamfaa mtu anayependa kutembea mahali na kupasoma. Asiye na haraka. Anayesimama mbele ya ukuta wenye maandishi na kutaka kujua yanasema nini.

Echoes unamfaa aliyeshazoea aina hii ya michezo na anataka kusukumwa. Pia mwenye kumbukumbu nzuri ya ramani, na anayefurahia fumbo ambalo nusu yake iko upande mwingine wa ukuta. Ni mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo utenge muda.

Corruption unamfaa anayetaka mapigano yanayojibu mkono wake, hadithi yenye sura na sauti, na anayetaka kujua kazi ya leo ni ipi. Unamfaa pia mtu anayecheza vipande vifupi.

Kulingana na hali yako

Una Switch tu na hutaki kununua kingine: uamuzi umeshafanyika, cheza Prime Remastered. Weka stiki mbili, acha msaada wa ramani ukiwa umewashwa kwa saa tano za kwanza, kisha uuzime ujaribu peke yako.

Una Wii kabatini, na michezo ya kutazama kwa macho ya mhusika huwa inakuchosha kwa sababu ya kulenga: anza na Corruption. Utakosa marejeo machache ya hadithi, lakini mchezo unajieleza vya kutosha, na mkono wako utazoea ulimwengu huu bila vita na vitufe.

Una muda mrefu na unapanga kucheza yote: fuata mpangilio wa kutoka, Prime, Echoes, Corruption. Hadithi ya Phazon inakua kwa mpangilio huo. Ila weka pumziko kati ya wa kwanza na wa pili. Anayetoka kwenye msako wa vifaa 12 na kuingia moja kwa moja kwenye msako wa funguo 9 ataichukia Aether bila kosa lake.

Ulijaribu Prime zamani ukaacha: jiulize uliachia wapi. Kama ni kwenye vitufe, rudi kupitia toleo la Switch au Trilogy. Kama ni Phazon Mines, rudi na kiwango cha Casual. Kama ni kwa sababu hukuwa ukijua pa kwenda na hali hiyo ilikukera kabisa, usijilazimishe; chukua Corruption. Na usiguse Echoes kwa sasa.

Ulimaliza Prime na ukaona umeisha mapema, na bado kuna chumba kimoja cha Chozo Ruins unachokiwaza: hapo ndipo Echoes inakungoja. Ukifika upande wa giza mara ya kwanza, usikimbie. Kaa ndani ya kiputo, acha namba ya uhai ipande hadi ijae, utazame gizani hadi ukione cha pili.